Nimemaliza filamu ya kina mama wa dagaa wa Katonga. Nani ataiona, na aione wapi?

Mwana_wa_Katonga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za leo.

Nina filamu ya dakika 52. Nimeipiga mwenyewe kwa karibu miaka miwili, mwanzo kwa kamera ya kuazima, baadaye kwa simu, hapa hapa mwaloni Katonga, inakofikia mitumbwi ya uvuvi. Ni habari ya kweli, hakuna mwigizaji. Kuipiga nimeweza. Kuifikisha kwa watu ndiko kunakonishinda, na ndiyo maana naandika.

Niwaeleze kwanza ni ya nini. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi kufungwa. Baba yangu ni mvuvi, na yeye mwenyewe anasema dagaa anaoleta leo si wale wa ujana wake. Lakini mama anayeanika dagaa hana mtumbwi wala wavu. Alfajiri ananunua beseni lake mwaloni, anaanika kwenye chanja, jioni anakusanya na kumuuzia mchuuzi wa Dar. Mtaji wake ni wa kukopa. Wengi wao walikuwa wamechukua ile mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, maana mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ilikuwa imesimamishwa tangu 2023. Basi ziwa likafungwa, marejesho ya kila wiki hayakufungwa.

Kuna kikundi cha kina mama ishirini na watatu, mama yangu mdogo akiwa mmoja wao. Sanduku lao la kuweka na kukopa lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao mama ambaye mumewe ni muadhini. Wa pili anao mama wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki. Wa tatu anao mama mlokole. Kikao kinafunguliwa kwa Fatiha, kisha Baba Yetu, ndipo funguo zinatolewa viunoni. Hakuna anayeweza kulifungua sanduku peke yake. Miezi ile mitatu walikuwa wakipika chungu kimoja cha uji kwa watoto wote wa kikundi, kila nyumba ikileta ilicho nacho, hata kama ni kuni tu.

Siku moja kijana wa kukusanya marejesho alikuja kuchukua godoro la mwenzao. Habari ilifika mwaloni kabla hajamaliza kulifunga kamba. Wakaja wote, na mabeseni matupu, wakakaa mlangoni. Hawakupiga kelele. Mmoja alikuwa na tasbihi mkononi, jirani yake rozari, midomo inacheza. Yule kijana alisimama kama nusu saa, akaliacha godoro, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa chini pamoja nao, kamera magotini. Dakika zile nne ndizo roho ya filamu yote.

Sasa shida. Niliipandisha YouTube. Wiki sita, imetazamwa mara 312, na nadhani nusu ni mimi na ndugu zangu. Nikakata kipande cha sekunde 40, tasbihi na rozari tu, nikakiweka mitandaoni. Hicho kikatembea. Lakini watu hawakuzungumza habari ya godoro hata kidogo. Wakaanza kubishana ni dini ipi inaruhusu kukaa hivyo, nani kamfuata nani, nani kapotea. Mamia ya maoni. Yule mama wa rozari aliulizwa maswali baada ya ibada, wa tasbihi akasemwa kisimani. Mmoja alikuja nyumbani akaniambia: "Mwanangu, mimi nilikupa uso wangu unisaidie kusema, mbona umenifanya nibishaniwe?" Nilikiondoa usiku uleule, na filamu nzima nikaifunga isionekane.

Nimekwenda kwa viongozi wawili wa dini nikiomba wanisaidie kuitangaza. Wote walinipokea vizuri, na wote waliniuliza swali lilelile: "Hii ni ya upande gani?" Kituo kimoja cha televisheni kiliniambia nilipie muda wa kuirusha. Fedha hizo sina.

Jina la filamu sitaliandika hapa, kina mama bado hawajakubaliana nalo. Naomba mwenye uzoefu aniambie: filamu kama hii, ya imani na ya haki za watu wadogo, inatangazwaje bila kugeuzwa uwanja wa mabishano?

KameraKali255

Kaka hongera kwa kazi, ila ulikosea kuondoa kile kipande. Mtandao unasukuma kinachobishaniwa. Ungeacha, ukaweka na vingine vitano, mwishoni unawaelekeza kwenye filamu nzima. Ongeza na kulipia tangazo kidogo, hata elfu ishirini kwa wiki. Picha ya jalada ya YouTube ibadilishe, weka uso wa mtu unaolia. Watu elfu kumi wakibishana, mia tano watatazama yote. Hao mia tano ungewapata wapi kwingine?

Mwana_wa_Katonga

Nakushukuru, na ya picha na tangazo nimeyachukua. Lakini kaka, yule mama kesho yake saa kumi na moja alfajiri yuko mwaloni anagombea beseni pamoja na watu walioyasoma maoni yale. Mia tano wa mbali siwezi kuwanunua kwa amani yake. Na uso unaolia sina. Hawakulia.

Bibi_wa_Ipuli (Tabora)

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii huku Tabora hadi nilipostaafu. Kazi yetu kwa miaka ilikuwa kuzungusha filamu vijijini, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo, projekta nyuma ya pikapu na jenereta limefungwa kamba. Moja ilihusu mauaji ya vikongwe. Unajua habari hizo: bibi macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, mtoto wa jirani anaumwa, mganga anataja jina, usiku panga linaingia. Na hilo pia ni jambo la imani na la haki, tena la uhai wa mtu. Nitakuambia tulivyokosea, ili wewe usikosee.

Mara ya kwanza tulionyesha kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu ndiko kulikokuwa na umeme na padri alikuwa mkarimu. Nusu ya kijiji haikuja. Hakuna aliyewakataza, ila mtu akiambiwa "njoo kanisani uone sinema" anajua ameitwa kwa nini, hata kama hujamwitia hilo. Mara ya pili tukaenda uwanja wa shule. Wakaja wengi, lakini tulikuwa na spika moja ndogo, upepo ukawa unachukua maneno. Watoto wakaanza kupiga kelele, wakubwa wakaanza kusalimiana, na robo saa haikupita tukabaki na picha inayocheza yenyewe. Tangu siku hiyo nasema: ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, kodi spika mbili kubwa. Picha ikififia kidogo watu watavumilia. Asiyesikia ataondoka.

Lakini kosa kubwa halikuwa la vyombo. Tulikuwa tunakwenda na filamu peke yake. Tunafika, tunaonyesha, tunauliza "mmejifunza nini?", mzee mmoja anasimama anajibu tunachotaka kusikia, tunafunga jenereta, tunaondoka. Kijiji kinabaki kilivyokuwa. Ndipo mwenzangu mmoja akasema tumchukue bibi mwenyewe, yule aliyeonekana kwenye filamu, aliyeponea chupuchupu. Tukamwomba, akafikiri siku tatu, akakubali. Tukawa tunafika kijijini asubuhi, si jioni. Bibi anapelekwa kwa balozi, anakaa na wanawake wanaopukuchua mahindi, anapukuchua nao. Jioni filamu inapoanza watu wanamwona ukutani, kisha wanageuka wanamwona kwenye mkeka. Ikiisha hatuulizi mmejifunza nini. Bibi anasema tu: "Macho haya ni ya moshi. Nani hapa jikoni kwake hakuna moshi?" Halafu anakaa. Nimeona wanaume wakilia gizani kwa sentensi ile.

Na si sisi tuliobuni. Kuna filamu ya mwaka 2006 kuhusu imamu na mchungaji wa Kaduna, Nigeria, Muhammad Ashafa na James Wuye. Walikuwa viongozi wa vijana waliopigana, mchungaji alipoteza mkono wake wa kulia, imamu alipoteza mwalimu wake na binamu wawili, kisha wakapatana. Filamu ile ilitembea kwa sababu wenyewe walitembea nayo, wakikaa na watu na kujibu. Wakafika hadi Burnt Forest, Bonde la Ufa, Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Filamu iliwafungulia mlango, na kazi ikafanywa na watu wawili walioketi kiti kimoja.

Kwa hiyo usitafute watazamaji kwanza. Tafuta mwenyeji. Mwenyeji ni mtu ambaye kesho yake asubuhi, watu wakiwa na swali, wanajua mlango wake. Kwako wenyeji unao ishirini na watatu. Waulize kama wako tayari kuwaalika watu wao wenyewe, kila mmoja watu watano. Na kabla ya mgeni yeyote, waonyeshe wao peke yao, mlango ukiwa umefungwa, na uwaambie kwamba wakisema kitu kitoke, kitatoka. Umeandika kwamba jina hawajalikubali, ila hukuandika kama wameiona yote.

La pili, na hili ndilo lililonifanya niandike kirefu. Unaitangaza kama filamu ya Waislamu na Wakristo. Ndiyo maana unaulizwa ni ya upande gani, mtoto wangu, umewapa pande mwenyewe! Kile kipande chako cha sekunde 40 kilikuwa na tasbihi na rozari, hakikuwa na godoro. Geuza. Tangazo lako liseme: "Filamu ya mkopo wa kausha damu, hapa Katonga." Nani Kigoma, nani Tabora, hajui kausha damu? Atakuja mwenye deni, atakuja mke aliyemficha mume deni, atakuja mwenye mtumbwi. Wakishakaa, wakishalihurumia lile godoro kama la kwao, ndipo waione tasbihi na rozari. Wakati huo hawatauliza nani kamfuata nani, kwa sababu watakuwa wanajiuliza mlangoni kwao wangekuja wangapi. Imani yao umeiona wewe kwa kukaa chini pamoja nao. Wape na wengine nafasi ya kuiona kwa kukaa.

Ya vibali: usionyeshe hadharani bila kupita kwa Afisa Utamaduni wa manispaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Mtendaji wa mtaa na polisi wajue ni usiku gani. Na ulivyoifunga YouTube ulifanya vyema, maana ukitaka kuipeleka kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar au penginepo, matamasha mengi hayapendi filamu iliyokwisha kuanikwa wazi mtandaoni. Hayo ya tamasha yaje baadaye.

Baharia_Kibirizi

Mimi si mtu wa filamu, ni mtu wa ziwani. Nakupa moja tu. Usionyeshe usiku wa giza. Giza ndilo la kazi, tunakuwa na taa zetu majini mpaka asubuhi, nchi kavu utabaki na wazee na watoto. Ngoja mwezi mkubwa, dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inalala, wanaume wote tupo. Na habari hii inatuhusu. Zile fedha za beseni la alfajiri kina mama wanatupa sisi. Kuna wenye mitumbwi walikuwa wanawakopesha dagaa, na kuna walioongeza bei ziwa lilipofunguliwa. Tuite na sisi tuone.

Mwl_wa_Kasulu

Mwakeye ndugu yangu.

Nauliza jambo ambalo hukuligusa: wanaongea lugha gani humo ndani? Kama ni kina mama wa Katonga, najua watakuwa wanachanganya, Kiswahili mbele ya kamera, Kiha wakiwa wanacheka, na pengine Kirundi au Kibembe kwa waliotoka ng'ambo. Kama umeweka maandishi chini ya picha, basi umewawekea watu wa mjini. Mama yangu hasomi maandishi yanayokimbia.

Fanya kama tulivyokulia kwenye vibanda vya video. Wote tunakumbuka yule mtafsiri mwenye kipaza sauti, anasimamisha sauti ya filamu na kueleza kwa Kiswahili cha mtaani, na watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili yake. Mtafute mmoja. Ila umkalishe kwanza, aitazame mara mbili, umweleze kwamba hapa haongezi utani wala hatii maneno yake kinywani mwa mtu. Sisi Kasulu, tulipoonyesha filamu ya afya karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtafsiri alikuwa mwanamke, na wanawake walianza kumjibu filamu ikiwa inaendelea. Mwanzo nilikasirika, nikitaka kimya. Baadaye nikaelewa kwamba mazungumzo yalikuwa yameshaanza na mimi ndiye niliyekuwa nikiyazuia.

Na hilo la Bibi la wenyeji naliunga mkono kwa mfano mwingine. Kina mama wa Liberia, Waislamu na Wakristo, walivaa nyeupe mwaka 2003 wakakaa uwanjani Monrovia, karibu na soko la samaki, siku baada ya siku, wakidai vita viishe. Filamu yao ilitoka 2008. Ilipelekwa kwa vikundi vya wanawake katika nchi zilizokuwa na vita vyao wenyewe, wakaitazama pamoja na kuongea. Leymah Gbowee, aliyewaongoza, alipata Nobeli ya Amani 2011. Soko la samaki, ndugu yangu. Waambie kina mama wako habari hiyo kabla hujawasha projekta.

Dada_wa_Mwanga

Muziki umetumia wa nani? Nauliza kwa sababu niko kwaya na tuliwahi kusikia wimbo wetu kwenye video ya mtu tusiyemjua. Kama kuna kwaya au kaswida humo, hata kama iliingia tu kwa nyuma ikitoka redioni, nenda uombe ruhusa kwa maandishi. Haki ya wimbo inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa kazi hiyo. Lakini zaidi ya sheria, ukienda kuomba ruhusa kwa kwaya ya watu arobaini na kwa madrasa, umeshaalika watu mia bila kulipia tangazo. Sisi tungekuja na familia zetu kusikia wimbo wetu.

Mwana_wa_Katonga

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki saba. Nilikuwa nafanya mlichoniambia, na nimeona nisirudi mikono mitupu.

Bibi, uliniuliza kama wameiona yote. Hawakuwa wameiona. Niliona aibu sana nilipolisoma swali lile. Nilikuwa nimewaonyesha vipande tu, kwenye simu, vile ambavyo niliona ni vizuri. Jumapili moja mchana tukakaa chumbani kwa mama mdogo, mapazia yameshushwa, kompyuta juu ya sanduku lao lenye kufuli tatu. Ishirini na mmoja walikuwepo. Walicheka mahali nisipotarajia, kwa mfano mbuzi anayepita nyuma ya mahojiano. Kwenye uji walinyamaza. Ikiisha, mama mmoja akasema kuna dakika moja anataja kiasi cha deni lake, na mumewe anajua nusu yake. Akataka itoke. Mwenye rozari akasema yake ibaki yote, na kwamba safari hii akiulizwa atajibu mwenyewe, maana sasa ameliona godoro pamoja na rozari. Dakika ya deni nimeitoa. Filamu sasa ni ya dakika 51 na sijutii.

Jina wamelichagua wao, linahusu funguo. Nitalitangaza likishasajiliwa.

Afisa Utamaduni alinipokea, akanielekeza fomu, ikachukua siku zake lakini kibali kikatoka. Kwaya nilikwenda, wakasoma barua yangu mbele ya wote, wakaridhia, wakaniomba majina yao yasomeke mwishoni polepole. Madrasa waliridhia bila barua, ila nikaandika hata hivyo.

Tukangoja mwezi mkubwa. Baharia, ulisema kweli, mitumbwi ililala. Lakini mwezi ule ule ulitaka kutuharibia, shuka jeupe lilionekana kama limemulikwa na taa. Fundi mmoja wa mitumbwi akatuokoa. Akasema ghala la zamani lina ukuta unaotazama ziwa, na mwezi unapanda nyuma yake, upande wa mashariki, kwa hiyo mbele ya ukuta kunakuwa na kivuli hadi usiku uende. Tukaupaka ukuta chokaa mchana, kina mama wakishika brashi. Watu wakakaa wamelipa ziwa mgongo. Spika mbili, Bibi, nilikodi, elfu thelathini. Hazikuwa na hitilafu. Tulianza baada ya Isha, tukamaliza mwezi ukiwa bado nyuma ya paa.

Gari la matangazo lilipita Katonga na Bangwe likisema maneno yako yaleyale: filamu ya kausha damu. Nilihesabu mikeka na viti hadi 260 nikaacha. Mtafsiri tulimpata, kijana wa kibanda cha Gungu, na sehemu za Kiha alimwachia mama mdogo kipaza sauti. Kwenye dakika nne za mlangoni hakuna aliyetafsiri, kwa sababu hakuna neno linalosemwa. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama watu badala ya ukuta. Mzee mmoja alivua kofia.

Baada yake mwenye ufunguo wa pili alisimama, akauliza: "Ni nani hapa ameshawahi kubebewa kitu?" Kimya. Kisha mkono mmoja, wa mwanamume. Akasema ni injini ya mtumbwi wake, na kwamba hajawahi kumwambia mtu ilikokwenda, alikuwa akisema imeharibika. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu mikono. Wenye mitumbwi nao waliulizwa habari ya bei ya beseni baada ya tarehe 15 Agosti, wakaulizwa mbele ya watu, na mmoja alikasirika akaondoka. Wawili walibaki wakajibu. Mabishano yalikuwepo, sitaficha, tena makali, lakini yalikuwa juu ya bei na riba. Ya dini hakuna aliyeyataja hadi tulipokuwa tunakunja mikeka, mtoto alipomuuliza mama yake kwa nini yule bibi alikuwa anahesabu shanga. Mama akamwambia: "Alikuwa anamwombea mwenye godoro."

KameraKali, ushauri wako nimeutumia pia. Nimekata kipande kipya cha dakika moja: kamba inafungwa kwenye godoro, mabeseni yanaanza kufika. Kina mama wamekikubali kwanza. Kipo kwenye magrupu ya WhatsApp ya mwaloni, mtandaoni kitapanda baadaye.

Kikundi cha wanawake wa Kibirizi kimetualika. Si mimi kilichonialika, kiliwapigia wenye funguo, wao ndio walioniambia nijiandae na jenereta. Tunasubiri mwezi ujao uwe mkubwa.

Baharia_Kibirizi

Huku kwetu ukuta mzuri ni wa duka la nyavu. Nimeshaongea na mwenyewe. Chokaa leteni.

Bibi_wa_Ipuli (Tabora)

Nimemsomea mjukuu wangu hadi mwisho. Mwanangu, yule baba wa injini, kuna mtu aliyekwenda kumwona kesho yake?

Mwana_wa_Katonga

Walikwenda watatu, Bibi. Wenye funguo. Nilitaka kwenda na kamera, wakaniambia siku hiyo niiache nyumbani. Nikaiacha.